Mpira wa Msituni na Mpira wa Pipani: Suala la Kukoroga katika Historia ya Kongo

Katika historia ya Kongo kama inavyofundishwa vyuoni, mpira una sura moja tu. Ni mpira wa Leopold wa Pili, uliokusanywa kwa kiboko na bunduki katika Dola Huru ya Kongo, ukafichuliwa na ripoti ya Roger Casement mwaka 1904, na kufungwa kama faili mwaka 1908 Ubelgiji ilipoitwaa nchi hiyo kuwa koloni lake. Baada ya hapo waandishi, hasa sisi tunaoandikia Lubumbashi, huuacha mpira msituni na kuhamia kwenye shaba. Jambo hilo si la ajabu, kwani mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba, na tangu tanuri la kwanza lilipoanza kuyeyusha mwaka 1911 historia yake imekuwa ikiandikwa chini ya kivuli cha bomba la moshi.

Hata hivyo, mpira una sura ya pili, fupi na isiyosimuliwa mara nyingi, iliyofunguliwa mwezi Machi 1942. Makala haya yanadhamiria kuitazama sura hiyo kwa upande usiozoeleka katika taaluma yetu, yaani upande wa ufundi wa kukoroga. Tunadai mambo mawili yanayoshikana. Kwanza, uzito wa mpira wa msituni katika vita vile, na kwa hiyo uzito wa mzigo waliotwishwa wanakijiji wa Kongo, ulitegemea kwa kiasi kikubwa jinsi wakemia wa Marekani walivyofaulu kuchanganya mafuta, maji na sabuni ndani ya mapipa makubwa. Pili, elimu iliyokuwa ikitafutwa katika mapipa hayo haikuwa ngeni kabisa kwa wakusanyaji wenyewe, na Kiswahili kina vitenzi vya kuieleza kwa upambanuzi ambao neno moja la Kifaransa tulilofundishiwa kemia halina.

Machi 1942

Tarehe 9 Desemba 1941, siku mbili baada ya ndege za Japani kushambulia Pearl Harbor, askari wa Force Publique waliwafyatulia risasi wafanyakazi wa Union Minière waliokuwa wamegoma na kukusanyika kwenye uwanja wa mpira hapa Elisabethville. Walikuwa wakidai mishahara inayolingana na bei za vitu, zilizokuwa zimepanda kwa sababu ya vita. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba yao, alikuwa miongoni mwa waliouawa; idadi kamili ya wenzake imebaki ikibishaniwa. Katika Kiswahili cha mji huu neno mupira hutaja mchezo, hutaja kitu kinachochezewa, hutaja gurudumu la gari, na hutaja mali yenyewe. Si nia yetu kucheza na maneno juu ya maiti. Twayataja matukio haya mawili pamoja, la Pasifiki na la uwanjani, kwa kuwa la kwanza lilikuwa mwanzo wa kuwanyima Washirika mpira wa Asia, na la pili lilionyesha jinsi serikali ya koloni ingemkabili yeyote atakayeukataa mzigo wa vita.

Singapore ilianguka tarehe 15 Februari 1942. Takriban sehemu tisa kwa kumi za mpira asilia uliokuwa ukienda nchi za Washirika zikawa zimepotea. Kongo ilikuwa upande wao tangu mwaka 1940, kwani Ubelgiji ilipotekwa mwezi Mei mwaka huo, Gavana Mkuu Pierre Ryckmans aliamua kwamba koloni litaendelea na vita. Mwezi Machi 1942 utawala wake ukaongeza siku za kazi ya lazima ambazo mwanakijiji angeweza kudaiwa kwa mwaka, kutoka 60 hadi 120. Katanga ilitoa zaidi shaba, bati, kobalti na ile urani ya Shinkolobwe. Mpira ulitafutwa hasa katika misitu ya ikweta. Wanaume waliingia tena porini kutafuta mitambaazi ya jamii ya Landolphia, ambayo pwani huitwa mitoria. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka kumi wakati wa ripoti ya Casement alikuwa sasa mtu wa miaka arobaini na minane. Hakuhitaji kuelezwa maana ya kikapu na mizani. Kazi za lazima za vita zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyochochea uasi wa Kitawala ulioongozwa na Bushiri katika nchi ya Wakumu, pande za Masisi na Lubutu, mwaka 1944.

Mwezi uleule wa Machi 1942, tarehe 26, makampuni makubwa ya mpira ya Marekani, yaani Firestone, Goodrich, Goodyear na United States Rubber, yalikuwa yamekwisha kukubaliana juu ya mapishi mamoja ya mpira wa kutengenezwa, uliopewa jina la GR-S. Robota la kwanza lilitoka kiwanda cha Firestone tarehe 26 Aprili. Hatudai kwamba amri ya Léopoldville na makubaliano hayo yalijuana. Lakini tangu mwezi huo vyanzo viwili vya mpira vilikwenda sambamba kuyalisha magurudumu yaleyale, kimoja kikitegemea miguu ya watu, na kingine kikitegemea mapanga ya kukorogea.

Ndani ya pipa

Asili ya mapishi hayo ni Ujerumani, ambako Walter Bock na Eduard Tschunkur wa IG Farben walitengeneza mpira ulioitwa Buna S mwaka 1929. Wamarekani waliyaandika kwa sehemu za uzani, kama mama mwenye nyumba anavyopima kwa vikombe: butadaini 75, staireni 25, maji 180, sabuni 5, pamoja na kiasi kidogo sana cha potasiamu pasalfeti ya kuanzisha kazi na merkaptani ya kuzuia minyororo isirefuke kupita kiasi. Pipa lilifungwa barabara, kwa sababu butadaini ni gesi katika joto la kawaida, likatiwa joto la nyuzi 50 za selsiasi na kukorogwa kwa takriban saa kumi na mbili. Mafuta yakiwa yamegeuka mpira kwa karibu robo tatu, kazi ilisimamishwa kwa dawa nyingine. Pipa la kiwandani lilichukua lita 14,000 hivi. Kwa hesabu ya mapishi hayo, mkorogo mmoja uliweza kutoa takriban tani tatu za mpira.

Kwa nini maji na sabuni, ilhali kinachotakiwa ni mpira? Butadaini na staireni ni mafuta, na mafuta hayakai ndani ya maji. Mapanga yakizunguka, mafuta hukatika kuwa vitone, na sabuni huvizunguka vitone hivyo visirudi kuungana. Hiyo ndiyo emulsheni. Sabuni inayobaki hujikusanya ndani ya maji katika vifungu vidogo mno vinavyoitwa miseli, ambavyo kwa idadi huvipita vitone vya mafuta mara mamilioni. Mwaka 1942 wengi wangekisia kwamba mpira unazaliwa ndani ya vitone. Ukweli, kama William Harkins wa Chicago alivyoueleza kati ya mwaka 1945 na 1947, ni kwamba unazaliwa hasa kwenye miseli. Pasalfeti huvunjika ndani ya maji na kutoa radikali huru. Radikali hizo huingia kwenye miseli, ambayo imebeba mafuta kidogo, na hapo mnyororo wa molekuli huanza kurefuka. Miseli hukua na kuwa chembe ya mpira. Vitone vikubwa vya mafuta ni maghala tu, yakitoa mafuta kidogokidogo kupitia majini hadi kwenye chembe zinazokua. Faida ya mpango huu ni kwamba joto la mmenyuko huchukuliwa na maji, na mpira hutoka ukiwa majimaji kama maziwa, unaoweza kupitishwa kwenye mabomba, badala ya donge lisilotoka pipani ila kwa shoka.

Mwaka 1948 Wendell Smith na Roswell Ewart wa United States Rubber walitoa fomyula ya idadi ya chembe zinazozaliwa. Idadi hiyo hupanda kadiri sabuni inavyoongezwa, na kadiri kianzishi kinavyoongezwa, kwa vipeo vya 0.6 na 0.4. Ni fomyula nzuri, na hadi leo wanafunzi huikariri. Msomaji mwangalifu ataona, hata hivyo, kwamba mkorogaji hayumo. Fomyula haiulizi mapanga yalikuwa mangapi, wala yalizunguka mara ngapi kwa dakika, wala pipa lilikuwa na umbo gani. Ni kama kitabu cha mapishi kinachotaja unga na maji ya bukari bila kutaja mwiko.

Kutokuwemo huko kuna sababu yake. Katika maabara wakati wa vita mchanganyo ulitiwa ndani ya chupa, na chupa zikafungwa kwenye gurudumu lililozigeuza kichwa chini miguu juu ndani ya maji ya moto. Zote zilitikiswa sawa, kwa hiyo mtikiso haukuonekana kuwa jambo la kuulizwa. Lakini chupa si pipa la lita 14,000. Ukipanua chombo, huwezi kudumisha vyote kwa pamoja, yaani nguvu inayotumika kwa kila lita na mwendo wa ncha za mapanga. Ukishika kimoja, cha pili kinaponyoka. Hivyo mapishi yaliyokubali chupani yangeweza kukataa kiwandani.

Mambo yanayotokea yalikuja kufafanuliwa polepole. Mwaka 1951 yalichapishwa majaribio ya staireni yaliyohusu kukoroga peke yake, na mwaka 1972 Mamoru Nomura na wenzake wa Japani walitoa uchunguzi ambao bado unarejelewa. Ukikoroga kidogo mno, mafuta huelea juu kama tabaka. Uso wa kukutania baina ya mafuta na maji huwa mdogo, maghala hayawezi kutoa haraka kama chembe zinavyohitaji, na kazi hupungua mwendo. Mtu angedhani basi dawa ni kukoroga zaidi. Sivyo. Ukikoroga kwa nguvu mno, vitone huwa vidogo na vingi, na uso wao wote kwa pamoja huwa mkubwa sana. Uso huo hudai sabuni ya kuufunika. Sabuni iliyopaswa kuwa miseli humezwa na vitone, miseli hupungua, chembe zinazozaliwa huwa chache, na kazi hupungua mwendo tena, safari hii kwa sababu iliyo kinyume cha ile ya kwanza. Athari hii ni kubwa zaidi pale sabuni ilipo haba, karibu na kile kiasi ambacho chini yake miseli haijiundi kabisa. Tena, kama hewa haikuondolewa vizuri, kukoroga kwa nguvu huivuta oksijeni ndani ya maji, nayo oksijeni huziua radikali, na pipa hukaa kimya kwa muda kama lililorogwa. Zaidi ya hayo, chembe zilizokwisha kuzaliwa hugongana na kushikamana. Madonge hujenga juu ya mapanga na kuta za pipa, na joto haliwezi tena kutoka.

Katikati ya maovu hayo mawili pana eneo tulivu, wakati mwingine pana, wakati mwingine jembamba, ambamo kasi ya mapanga haibadilishi matokeo. Smith na Ewart walifanya kazi yao ndani ya eneo hilo, na ndiyo maana hawakumhitaji mkorogaji katika hesabu. Hatuwalaumu. Lakini wafanyakazi wa viwandani, waliosimama mbele ya mapipa kabla nadharia haijatoka, ndio waliolazimika kulitafuta eneo lenyewe na kukaa ndani yake, zamu baada ya zamu.

Elimu ya wakusanyaji na vitenzi vyake

Wakati huohuo, mtu aliyesimama chini ya mtambaazi katika msitu wa Kongo alikuwa na tatizo hilohilo likiwa limegeuzwa. Utomvu unaodondoka kutoka kwenye mtoria ni emulsheni iliyokwisha kamilika. Mmea wenyewe umetengeneza mpira na kuutawanya majini katika chembe ndogo zilizofunikwa kwa protini na mafuta, zenye chaji hasi inayozifukuza zisikutane. Kazi ya mkusanyaji ilikuwa kuivunja emulsheni. Mahali pengi alitumia maji ya mmea wa jamii ya Costus, ambao baadhi ya watu wa bonde la Kongo huuita bosanga. Uchungu wake hufanya kazi ileile ya asidi inayotiwa kiwandani ili kugandisha GR-S, yaani kuondoa ile chaji. Pengine aliuchemsha. Pengine aliupaka kifuani na mikononi ukakauka kwa joto la mwili, kisha akaubandua pamoja na malaika, maumivu ambayo yameandikwa katika ushahidi wa zama za Leopold. Katika nyika za Kasai na Kwango mpira ulitolewa kwenye mizizi na magamba yaliyotwangwa. Anayeziita kazi hizi zisizo na ujuzi hajapata kugandisha utomvu. Kilichokosekana hakikuwa ujuzi wa mkusanyaji, bali uwezo wake wa kukataa.

Hapa ndipo wanafunzi wa lugha wanapopata fungu lao. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na tangu hapo tumekuwa na maneno kama molekuli na polima bila haya. Kwa majina ya vitu tumefanya kazi kubwa. Kwa vitenzi tumekuwa wavivu, tukidhani kwamba kitendo kimoja cha Kifaransa kinataka kitenzi kimoja cha Kiswahili. Tazama tulivyo navyo. Kukoroga ni kuzungusha majimaji ili vilivyomo vienee sawasawa, kama mtu anavyokoroga uji. Kuvuruga ni kutibua, kuondoa utaratibu uliokuwapo, kama mguu unavyovuruga maji ya kisima. Kusukasuka ni kutikisa, na asukasukaye maziwa hutaka kinyume cha mkoroga uji: anataka mafuta yaliyotawanyika yakutane na kujitenga kuwa siagi.

Mmenyuko wa pipani una vitendo hivi vitatu vyote. Kuna kukoroga, ambako hutawanya mafuta na kulisha chembe. Kuna kuvuruga, ambako hunyang'anya miseli sabuni na kuingiza hewa. Kuna kusukasuka, ambako hugonganisha chembe hadi zigande. Twapendekeza vitenzi hivi vitumike hivyo katika kufundishia, kila kimoja kwa maana yake, kabla hatujakimbilia kukopa. Hatusemi kwamba wasemaji wa kila siku huvipambanua daima namna hiyo. Wapo wanaovuruga uji pia, nasi tumekunywa.

Pendekezo hili halihusu mpira peke yake. Mwanafunzi wa politekniki hapa Lubumbashi hukutana na suala hilohilo katika madini. Viwanda vya kuelezea madini vya Kolwezi vilitumia mafuta ya mawese yaliyotiwa katika emulsheni ili kuinua madini ya shaba ya aina ya oksidi. Na katika viwanda vya leo vya Katanga vinavyotenga shaba kwa kutengenezea, maji ya asidi yaliyobeba shaba hukorogwa pamoja na mafuta yenye dawa ya kuikamata, kisha huachwa yatengane. Yakikorogwa kidogo, shaba haivuki. Yakivurugwa, vitone huwa vidogo mno, mafuta na maji hukataa kuachana, na mafuta ya gharama kubwa huondoka pamoja na maji. Fundi mzuri hujua tofauti hiyo hata kama jina la Kifaransa ni moja.

Mwisho wa mpira wa msituni

Turudi kwenye vita. Mwaka 1941 Marekani ilikuwa imetengeneza tani 231 tu za mpira wa matumizi ya jumla. Mwaka 1945 ilikuwa ikitengeneza tani 70,000 kwa mwezi. Ili msomaji apate kipimo, mwaka 1901, katika kilele cha mpira wa Leopold, Kongo nzima iliuza nje takriban tani 6,000 kwa mwaka. Mpira wote wa mwaka ule, pamoja na vijiji vilivyochomwa kwa ajili yake, ulikuwa sawa na kazi ya mapipa hayo kwa muda usiofika siku tatu.

Basi kwa nini watu waliendelea kupelekwa msituni mwaka 1943 na 1944, mapipa yakiwa yamekwisha kuanza kufanya kazi? Jibu liko katika mali yenyewe. GR-S ilifaa kwa magari madogo, lakini katika gurudumu zito la lori ilipata joto kupita kiasi na kupasuka. Ilibidi ichanganywe na mpira asilia, na kadiri gurudumu lilivyokuwa kubwa ndivyo sehemu ya mpira asilia ilivyozidi. Kwa hiyo mapipa yalipunguza njaa ya mpira bila kuiondoa, na kilichobaki kilidaiwa Kongo na kwingineko. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa jinsi kasoro ya molekuli inavyoweza kugeuka siku za kazi ya lazima za mtu asiyejua kwamba molekuli hiyo ipo.

Tusije pia tukadhani kwamba pipa lenyewe ni tiba ya utumwa. IG Farben, waliokuwa na ufundi huo kabla ya Marekani, walijenga kiwanda cha Buna huko Monowitz, kando ya Auschwitz, kwa mikono ya wafungwa waliokufa kwa maelfu. Kiwanda hicho hakikutoa mpira wa Buna hadi vita vilipokwisha.

Japani iliposalimu amri mwaka 1945, mashamba ya Malaya na ya visiwa vya Indonesia yalirudi sokoni, na mpira wa kutengenezwa ukabaki pembeni kama kizuizi cha bei kisichokuwapo zamani. Mwaka 1948 Wamarekani walianza kutengeneza kwa wingi aina bora zaidi, iliyopikwa kwa nyuzi 5 badala ya 50. Kongo ilibaki na mpira wa mashambani, wa mti wa hevea uliopandwa kwa mistari, na mtoria ukaachiwa nyani wanaopenda matunda yake.